Boila, Blugamu na Mama Mkwe

Vijana wangu, kila mnapokuja hapa Kiptere kunijulia hali, lazima mmoja wenu aniulize kama ni kweli nilimaliza maisha yangu ya kazi nikiangalia moto. Mnauliza huku mnacheka, kana kwamba niliajiriwa kuota. Ni kweli. Nilikuwa mtu wa boila katika kiwanda cha majani chai upande wa Konoin. Jina la kiwanda nitaliacha, kwa sababu waliobaki pale ni marafiki zangu na hawapendi kusemwa. Nimestaafu juzi juzi tu, na malaika ya mikono yaliyounguzwa na joto ndiyo kwanza yanaota tena.

Wiki iliyopita mjukuu wangu Chebet, anayesoma chuo, alinipigia simu nimsaidie kazi aliyopewa na mwalimu. Swali lilihusu jinsi maliasili zinavyochangia uchumi wa nchi inayoendelea. Nikamwambia hilo swali nimelitupa ndani ya moto kwa mikono yangu kila siku niliyokuwa kazini. Akasema, "Kugo," yaani babu, "mwalimu anataka pointi." Sina pointi. Nina habari za mama mkwe wangu, na ndizo nilizompa. Maksi alizopata hajaniambia, na mimi sijathubutu kuuliza.

Kwanza mjue boila inafanya nini, maana mnapenda kupiga picha mashambani na kuzituma kwenye simu, lakini kiwandani hamwingii. Majani mabichi ni maji matupu. Ukiyakamua kiganjani unaona mwenyewe. Ili yawe kitu cha kufungwa kwenye gunia, kupelekwa Mombasa na kuuzwa ng'ambo, hayo maji lazima yatolewe. Yanatolewa kwa joto, joto linatoka kwa mvuke, na mvuke unatoka kwenye boila, ambayo inakula kuni na kunywa maji siku nzima. Kwa hiyo lile gunia limebeba mvua yetu, udongo wetu mwekundu, miti yetu na mto wetu. Pesa za kigeni zikirudi zinanunua dawa na mafuta ya magari, zinajenga barabara, na huko juu wanapozitumia hakuna anayeuliza zilianzia kwenye bonde la nani.

Aliyenifundisha ni Mzee Ombati, Mkisii mfupi mwenye masikio makubwa, aliyekuja kwetu akiwa kijana kutafuta kazi ya kuchuma akaishia kwenye boila. Hakuwa na haraka na kitu chochote isipokuwa chakula. Siku ya kwanza alinisimamisha mbele ya mrundo wa kuni akasema, "Wewe kijana, hii kuni usiangalie na macho. Macho inadanganya. Gonga." Akachukua vipande viwili akavigonganisha. Kuni iliyokauka hulia kwa sauti kali inayofika mbali. Kuni mbichi hutoa sauti ya mtu anayepiga godoro. Mpaka leo siwezi kupita penye kuni za watu bila kugonga mbili tatu, na majirani wamenizoea.

Mara ya kwanza kuachiwa moto peke yangu sikugonga. Nilichagua vipande vilivyonyooka, vyenye ganda safi, kwa sababu vilipendeza. Kumbe vilikatwa majuzi. Bomba likatoa moshi mweupe, mvuke ukalegea, na majani yaliyopita kwenye kikaushio yakatoka na harufu ya nguo iliyokunjwa kabla haijakauka. Mzee Ombati hakunigombeza. Alichukua gao moja la yale majani, akachemsha chai, akaketi kwenye gogo kunitazama nikiinywa. "Kunywa yote," aliniambia. "Hiyo ndio ulikuwa unapikia watu ya Ulaya."

Lakini somo lake kubwa lilikuwa la maji. Kwenye boila kuna kioo chembamba kilichosimama wima, na ndani yake unaona maji yamefika wapi. Alinionyesha kile kioo mara nyingi kuliko alivyonionyesha kitu kingine. "Hii ikikosa kuni, inalala tu," alisema. "Ikikosa maji, inaua. Na ukiona imekauka na imekuwa nyekundu, usiongeze maji baridi, utatupasua sisi wote. Toa moto, kimbia, halafu ndio uombe." Siku hizi kuna king'ora kinacholia maji yakishuka, na kuna kifaa kidogo unachochoma kwenye kuni kikakuonyesha unyevu kwa tarakimu. Msichana aliyechukua nafasi yangu anavitumia vizuri sana. Nilimwomba aendelee navyo, na pia agonge. Alinicheka, lakini kwa heshima.

Sasa nije kwa mama mkwe.

Nyumbani kwa kina Esther, mke wangu, ni kwenye kilima kilicho juu ya kiwanda. Shamba lao la majani chai linateremka hadi kwenye kinamasi, na ndani ya kinamasi kuna jicho la maji. Kijito kinachotoka hapo, kikichanganyika na vingine viwili, ndicho kilichotupa maji kiwandani, na ndicho kilichonywesha watu na ng'ombe wa bonde lote. Mti wa majani chai hautaki kusimama kwenye maji. Ukiupanda penye kinamasi unageuka manjano na kufa. Kwa hiyo miaka ile bonde zima lilipata wazo moja kwa wakati mmoja. Hapa majani chai yamekataa, basi tupande blugamu. Blugamu, yaani mkaratusi, inakua haraka, na kiwanda kinanunua kuni. Hata maafisa walitusifu. Hilo ni kosa letu sisi watu wa majani chai. Mtu wa mahindi hana boila ya kulisha, asingefikiria kulifanya. Tulipanda miti yenye kiu kuliko yote juu kabisa ya maji yetu, tukaipalilia, tukajipongeza.

Ilichukua muda kuonekana. Kisha ukaja mwaka ambao mvua za mwisho zilichelewa kabisa. Jua la Januari likapiga, kijito kikakonda, na bwawa dogo tunakovutia maji ya kiwanda likaanza kuonyesha mawe yake. Tulizima boila moja kati ya mbili. Meneja, mtu mpole aliyevaa gambuti kila siku kama sisi, alikuja kusimama karibu nami akatazama kile kioo. Akaniambia maji yakipungua zaidi kidogo, malori yatarudishwa na majani yataozea kwenye vituo vya kununulia. Nilielewa vizuri. Majani hayasubiri. Yakikaa kwenye gunia yanapata moto, yanageuka meusi, na jasho la mchumaji linaliwa na mbuzi. Karo za shule za vilima vyote vile zilikuwa zinategemea bwawa lenye mawe.

Kamati ya maji ikatembea bondeni na mtu wa misitu. Hakukuwa na ubishi mkubwa. Kila mtu alikuwa tayari ameshaona kijito kinapungua kadiri blugamu zinavyonenepa. Wenye miti kando ya kijito walikubali kukata, wengine wakinung'unika, wengine wakifurahi kupata nguzo. Zilibaki zile zilizozunguka jicho la maji lenyewe, na hizo zikiachwa, kazi nyingine yote ni bure. Zilikuwa za mama mkwe wangu. Alishakataa kamati, akamkataa chifu, na mtu wa misitu alimpa chai na ndizi akamsindikiza hadi njiani. Meneja akauliza kama kuna yeyote anayeweza kuongea naye. Wote wakanigeukia mimi.

Nyinyi wa siku hizi mnataniana na mama wakwe zenu kwenye simu. Kwetu haikuwa hivyo. Mimi ni sandana pale, yaani mkwe aliyeoa binti yao. Sandana hakai karibu na mama mkwe, hamtazami usoni, wala hamtaji kwa jina. Akiambiwa kitu, hukubali. Nilizoea kuongea naye kwa kupitia Esther, hata kama wote watatu tuko chumba kimoja. Kubishana naye juu ya miti ilikuwa ni sawa na kuambiwa nikavue suruali kanisani.

Nilienda. Nikaketi karibu na mlango, nikapewa mursik, maziwa yetu ya mgando, nikaulizwa habari za watoto, nikarudi na parachichi kwenye mfuko. Meneja akaniuliza amesemaje. Nikamwambia amesema watoto wakue. Nikaenda tena, nikarudi na kuku. Wenzangu kwenye boila walianza kusema kiwanda kitafungwa huku mimi nimenenepa.

Safari iliyofuata nilikosa hata Esther wa kuniwekea maneno, maana alikuwa ameenda soko la Siongiroi kuangalia ng'ombe. Mama mkwe alikuwa amechoka kunilisha bure. Aliketi upande wa pili wa chumba, akageuza uso kidogo kuelekea dirishani kama desturi inavyotaka, akaliambia dirisha, "Huyu mtu anakuja kila siku na hasemi. Miti yangu imekosa nini?"

Nikaiambia sakafu kwamba inakunywa maji.

"Nani alisema tupande? Si serikali? Na nani ananunua? Si nyinyi watu wa boila? Lori yenu inapita hapa kila wiki kuuliza kuni. Leo mti imekuwa mwizi?"

Nikatumia maneno niliyoyasikia kwa meneja. Nikasema majani chai ni uti wa mgongo wa uchumi wa taifa, na maji ya pale ni maliasili ya taifa.

"Hiyo taifa inachota maji wapi? Mimi sijaona ikipita hapa na mtungi." Kisha sauti yake ikashuka. "Hiyo miti alipanda mzee mwaka wake wa mwisho. Alikuwa hawezi kuchuma, mkono inatetemeka. Alishinda huko chini akipanda mmoja mmoja, jioni anarudi na matope mpaka kwa magoti, anafurahi. Alisema ni ya kujengea mimi nyumba. Nikate?"

Niliumia. Baba mkwe nilimpenda, na niliikumbuka hiyo furaha yake. Nilikaa nikitazama matope yaliyokauka kwenye viatu vyangu, nikaamua kwamba nitamwambia meneja nimeshindwa, atafute mtu mwingine.

Akaamka aongeze maji kwenye chai. Pipa lilikuwa tupu. Msichana aliyemsaidia kazi alikuwa amekwenda kwao. Nikasikia kata ikikwaruza chini ya pipa, halafu mama mkwe akaliambia dirisha, "Hapa kuna mtu wa maji kutoka kiwanda. Mtungi uko nje."

Mama mkwe hamtumi sandana maji. Sijasikia popote. Lakini pia sandana hakatai. Nikachukua mtungi wa plastiki nikateremka, mimi na koti langu la ukweni.

Chini kwenye jicho la maji nilikuta kina mama wamepanga mitungi wakisubiri. Mmoja alikuwa ameinama akichota kwa kikombe, anamimina, anangoja maji yajikusanye, anachota tena. Waliponiona walicheka hadi mwingine akakaa chini. "Boila imekuja kunywa," mmoja akasema. Nikashika foleni. Zamu yangu ilipofika nilipiga magoti, na hapo ndipo nilipoona vizuri. Maji yalitoka kwenye ufa wa jiwe, machache, na ndani ya ule ufa mizizi ya blugamu ilikuwa imejaa, myembamba, myekundu, imesongamana kama nywele. Kila maji yalipotaka kutoka, yalikuta wenyeji wameshafika.

Nilichota kwa muda mrefu mno. Mama mkwe, naona alipata wasiwasi kwamba amemwaibisha sandana hadi akakimbilia kwao, maana nilisikia fimbo yake kwenye mawe. Magoti yalikuwa yamemzuia kuteremka kule kwa muda mrefu. Maji aliletewa, na anayeletewa hajui yametoka kwa shida gani. Kina mama wakaacha kucheka wakampisha. Akainama kwa taabu, akaingiza mkono kwenye ufa, akavuta. Ukatoka mzizi mrefu, akauvuta tena, ukaendelea kuja.

Akaketi kwenye jiwe na ule mzizi magotini. Nilimwogopea. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu nioe, akanitazama usoni.

"Mzee alioga hapa akiwa mtoto," alisema. "Angeona hii, angekata yeye mwenyewe. Na angenigombeza mimi."

Sikujua sandana anatakiwa kufanya nini akitazamwa usoni na mama mkwe anayelia. Nikafanya nililoweza. Nikaendelea kuchota.

Alitoa masharti papo hapo mbele ya mashahidi wote. Miti iliyonyooka ijenge nyumba yake kama mzee alivyosema. Iliyobaki isiende kwa madalali wa nguzo, iende kwenye boila, na siku ya kuichoma yeye mwenyewe aitwe aione ikiingia.

Na hapa, vijana, nawapa ujuzi ambao hautawagharimu kitu. Kukata blugamu si kuimaliza. Kisiki kinachipua upya ndani ya muda mfupi, na machipukizi yake yana kiu ya utoto. Lazima ung'oe, au urudi pale kila baada ya wiki chache uvunje machipukizi mpaka kisiki kikate tamaa. Mimi na shemeji zangu tulifanya hivyo msimu mzima. Tulipanda mianzi na lamaiwet mahali pake, ile miti ya zamani ya kando ya mito ambayo babu zetu hawakuikata. Blugamu hatukuifukuza kabisa. Tuliihamishia juu kwenye mteremko mkavu wenye mawe, mbali na maji, na huko inafanya kazi yake vizuri. Boila bado inakula, na lazima mtu apande.

Mwaka ule kiwanda kiliponea chupuchupu. Mvua zilinyesha Machi tukiwa tumerudisha malori ya siku chache tu. Lakini mvua kila mtu anaweza kujivunia. Tulichotaka kujua ni jua likirudi, kijito kitafanyaje.

Kuni za mama mkwe nilizipanga kando kwenye banda, zimepasuliwa, zikiwa na nafasi za kupitisha upepo. Zikakauka polepole mvua zote zile. Januari iliporudi na jua lake nilizigonga, zikalia. Siku hiyohiyo nilishuka bwawani. Mawe hayakuonekana. Maji yalikuwa yamepungua, ndiyo, lakini yalikuwa yanapita juu ya ukingo, na boila zote mbili zilikuwa zinafanya kazi. Nilisimama pale nikapiga kelele peke yangu kama mtu aliyeshinda mbio. Kisha nikampigia Esther nikamwambia amlete mama yake.

Alikuja na kitambaa cha kichwani cha Jumapili. Hakuwahi kuingia kiwandani maishani, ingawa amechuma majani tangu akiwa msichana. Meneja akampa kofia ngumu, akaivaa juu ya kitambaa. Nilimpitisha juu kwanza kwenye vitanda vya kunyaushia, ambapo majani ya vituo vya upande wao yalikuwa yametandazwa, yaliyochumwa jana yake. Akayashika, akayanusa, akasema mchumaji fulani hapa ana haraka, amechuma na vijiti. Tukashuka chini kwangu. Nikafungua mlango wa tanuri, nikamwachia aingize kipande cha kwanza mwenyewe, nami nikaingiza vingine.

Alitazama moto kwa muda. Uso wake ulikuwa mwekundu kwa mwanga. "Mzee alikuwa mtu wa kusikia baridi," alisema, na akatabasamu.

Nikamwonyesha kioo. Maji yalikuwa nusu na zaidi kidogo, yakitikisika, pale hasa Mzee Ombati alipopenda yawe.

"Hii imetoka kwangu?"

"Imetoka kwako, Mama."

Alikiangalia kile kioo, akaangalia moto, akainua macho darini kuelekea kule yalikolala majani. Kisha akanigeukia, sasa bila dirisha wala sakafu kati yetu.

"Kuni ni yangu. Maji ni yangu. Majani iko huko juu, ni yangu na ya jirani zangu. Sasa wewe, sandana, yako hapa ni gani?"

Wenzangu wote walikuwa wanasikiliza. Nikafikiri kweli kweli.

"Yangu ni kuangalia tu, Mama."

"Basi angalia vizuri," akasema, akaniwekea mkono begani mbele ya watu wote, na nikageuka nikaangalia.